Kungfu: Ni mbinu gani husalia ngumi zinaporushwa kweli?

IKIWA una kijana wa umri wa sekondari nyumbani, uwe unaishi Ruring'u, Karatina, Nanyuki au Kerugoya, huenda tayari umeombwa pesa za kununua sare nyeusi ya kungfu. Na ikiwa wewe mwenyewe ulikua katika miji hii miaka ya themanini na tisini, yamkini unakumbuka kumbi za video: shilingi chache mlangoni, viti vya mbao vilivyojaa pomoni, na filamu za Bruce Lee na Jackie Chan ambazo kanda zake zilikuwa zimechakaa hata sura hazikuonekana vyema. Wengi walitoka humo wakirusha mateke hewani njia nzima hadi nyumbani.

Jambo ambalo hatukuliuliza siku hizo ni kama mbinu hizo za jadi za Kichina hufanya kazi mtu anapokabiliana na mpinzani asiyekubali kuanguka kwa hiari yake. Swali hili si la mashabiki wa filamu pekee. Ni swali la afya, kwa sababu anayeamini mbinu isiyofanya kazi ataumia siku atakapoihitaji, na anayejaribu ile inayofanya kazi bila uangalizi anaweza kuumia hata kabla ya siku hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Huku kwetu neno "karate" hutumiwa kwa kila mchezo wenye mateke na kelele, lakini karate ni ya Wajapani na taekwondo ni ya Wakorea. Kungfu ni jina la jumla la mitindo mingi sana ya Kichina, na kwa Kichina neno lenyewe humaanisha ustadi unaopatikana kwa bidii na muda mrefu. Kuna mitindo inayohusishwa na hekalu la Shaolin katika mkoa wa Henan, kuna Wing Chun ambayo hutumia mikono mifupi ya karibu karibu, kuna taichi inayofanywa polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji, na kuna mieleka ya Kichina ambayo wengi wetu hatujaisikia. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba kungfu haifai, au kwamba kungfu hushinda kila kitu, mwulize ni kungfu ipi na ilifundishwa vipi.

Ushahidi wa mapambano ya kweli upo, na baadhi yake ulinaswa kwa kamera. Mnamo Januari 1954, mjini Macau, mwalimu wa taichi Wu Gongyi, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50, alipigana hadharani na Chan Hak-fu, mwalimu wa mtindo wa Korongo Mweupe aliyekuwa kijana kumliko. Pambano hilo lilikuwa la kuchangisha pesa kwa waathiriwa wa moto mkubwa wa Hong Kong. Ukiitazama filamu yake leo utashangaa. Hakuna korongo wala taichi ya kuonekana. Kuna watu wawili wazima wanaorushiana mikono ovyo, wakirudi nyuma na kuinua videvu juu, hadi pua ya mmoja ikatoka damu na waamuzi wakasimamisha mambo katika raundi ya pili bila kumtangaza mshindi.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Aprili 2017, mpiganaji Xu Xiaodong alikutana na mwalimu wa taichi Wei Lei mjini Chengdu. Pambano halikufikisha nusu dakika. Wei alinyosha mikono mbele kama alivyozoea darasani, Xu akamwingilia kwa ngumi na kumwangusha. Mnamo Mei 2020, mzee Ma Baoguo, aliyejitangaza kuwa bingwa wa taichi, aliangushwa mara tatu katika muda wa nusu dakika hivi na mwanamichezo wa ridhaa. Mara ya mwisho hakuinuka kwa haraka.

Wengi waliotazama kanda hizi walisema kwamba kungfu ni uongo mtupu. Mimi naona hukumu hiyo imeharakishwa. Walichokosa watu hawa ni mazoea ya kupigwa.

Mwili hauamini usichozoea

Zingatia kinachotokea mwilini mtu anaposhambuliwa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli mikubwa ya mapaja na mabega hupata damu zaidi, na macho huganda mahali pamoja. Hali hiyo humsaidia mtu kukimbia au kusukuma kwa nguvu, lakini vidole hutetemeka, na kazi zinazohitaji ustadi mdogo mdogo huharibika. Ndiyo maana ukishtuka sana unashindwa hata kuingiza ufunguo mlangoni.

Sasa fikiria mbinu ya kukamata kifundo cha mkono wa mtu katikati ya ngumi na kukikunja, au ya kubonyeza kwa kidole kimoja mahali fulani shingoni. Darasani mwenzako hurusha ngumi moja, kisha huuacha mkono hewani ukisubiri ufanyiwe kazi. Ulingoni, ngumi hurudi kabla hujaiona vyema, na nyingine inafuata. Mwanafunzi aliyerudia mfuatano wa mienendo peke yake kwa miaka kumi ana miguu yenye nguvu, mgongo ulionyooka na kumbukumbu nzuri. Alichokosa ni kipimo cha umbali na wakati, na hivyo havipatikani ila kwa kukabiliana na mtu anayekataa.

Wachina wenyewe walilitambua hili. Kuanzia mwaka 1979, wakuu wa michezo wa China walianza majaribio ya mchezo unaoitwa sanda, na ulikuwapo katika mashindano ya kwanza ya dunia ya wushu yaliyofanyika Beijing mwaka 1991. Katika sanda wapiganaji huvaa glavu, hurusha ngumi na mateke, na huruhusiwa kuangushana. Hupigania juu ya jukwaa lenye upana wa mita 8 kila upande na kimo cha sentimita 80, na anayesukumwa akaanguka chini hupoteza alama. Pembeni mwa jukwaa hutandikwa magodoro. Tutarudi kwenye magodoro hayo.

Kinachovutia ni yale yaliyosalia baada ya chujio hilo. Mienendo ya kuiga simba, nyani na nyoka haikusalia. Lilisalia teke la ubavu, lile la kusukuma kwa kisigino huku mwili umegeuka, ambalo humzuia mpinzani asikaribie. Ulisalia ufundi wa kudaka teke la mwenzako na kumpiga mtama mguu aliobaki umesimamia. Zilisalia pia mbinu kadhaa za kukumbatia kiuno na kubwaga, zilizotoka kwenye mieleka ya Kichina. Ukiangalia vyema, zote ni mbinu za misuli mikubwa, zisizohitaji ustadi wa vidole.

Na zimefika mbali. Cung Le, Mmarekani aliyezaliwa Vietnam na kupata sifa katika sanda, alishinda taji la Strikeforce mwezi Machi 2008 baada ya mkono wa Frank Shamrock kuvunjika kwa kukinga mateke yake. Zhang Weili, aliyeanza sanda akiwa msichana mdogo, alikuwa Mchina wa kwanza kutwaa ubingwa wa UFC mnamo Agosti 2019. Hata hivyo, wote wawili waliongeza ngumi, mieleka na mapigano ya chini. Hakuna aliyeingia na kungfu peke yake.

Kuna mbinu nyingine ya jadi ambayo madaktari wa mifupa wangeipenda: kupiga kwa kiganja wazi. Anayepiga kichwa cha mtu kwa ngumi tupu mara nyingi huvunja mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho. Fuvu ni gumu kuliko mifupa hiyo myembamba. Huko Japani, mchezo wa Pancrase ulioanza mwaka 1993 ulikataza ngumi tupu usoni na kuruhusu viganja tu, na bado watu waliangushwa wakazirai. Walimu wa kale waliofundisha kiganja hawakuwa wakiota.

Maadamu tumetaja ngumi tupu, chukua onyo hili. Ngumi ikigonga meno ya mtu na kuacha mkato mdogo juu ya kifundo cha kidole, usiupuuze hata kama ni wa ukubwa wa punje ya mchele. Mdomo wa binadamu umejaa vijidudu, na vinaweza kuingia hadi kwenye kiungo na kukiharibu kwa siku chache. Osha kwa maji mengi, usiufunge kwa plasta, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari ukweli kwamba ni jino. Wengi huona aibu, husema wamejikata na bati, kisha hupewa dawa isiyofaa.

Vipi kuhusu ngeta?

Mtu wa mjini hajiungi na darasa ili apigane jukwaani. Hofu yake ni ngeta, yule mtu anayekuja kutoka nyuma usiku na kukukaba shingo huku mwenzake akipekua mifuko. Hapa niseme wazi kwamba mitindo mingi ya kungfu haina jibu zuri. Inafundisha kusimama mkitazamana, na mara chache humzoesha mwanafunzi kukabwa au kulala chini akiwa amekaliwa. Mashindano ya kwanza ya UFC mjini Denver, Novemba 1993, yaliwafunza mashabiki wa mateke somo hilo: mshindi wake, Royce Gracie, hakuwa mnene, bali alijua kumkumbatia mtu, kumlaza na kumkaba. Mkabaji stadi hukata damu inayokwenda ubongoni, na fahamu hupotea kwa sekunde chache. Anayetaka kujikinga na hilo atafute mwalimu wa judo au mieleka. Na hata akimpata, simu haina thamani ya shingo. Wape.

Goti ni kiungo kingine cha kuangaliwa. Baadhi ya mitindo ya kusini mwa China hufundisha teke fupi la chini linalolenga goti la mpinzani kutoka mbele. Linafanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kano zilizo ndani ya goti zikikatika, matibabu huenda yakahitaji upasuaji wa gharama na miezi mingi ya mazoezi, na kijana anayetegemea miguu yake kwa boda boda au shamba la kahawa huwa amepoteza mwaka. Teke hilo halifai kujaribiwa kwa nguvu na mwenzako wa mazoezi, hata kwa mzaha.

Kichwa hakina misuli ya kukazwa

Hapa ndipo gharama ya kujaribu mbinu kikweli hulipwa. Tumbo hukazwa, mapaja huzoea mateke, mifupa ya mkono huwa minene kadiri inavyotumiwa. Ubongo hauzoei kupigwa hata kidogo. Umekaa ndani ya fuvu ukielea katika maji yake, na kichwa kikizungushwa ghafla na ngumi, ubongo huchelewa kugeuka na nyuzi zake huvutika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azirai ili awe ameupata.

Wakenya hawahitaji mfano wa mbali. Robert Wangila Napunyi alituletea dhahabu ya ngumi kutoka Seoul mwaka 1988, na hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyepata dhahabu ya Olimpiki. Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 26, alipigana na David Gonzales mjini Las Vegas. Mwamuzi alipolisimamisha pambano, Wangila alikuwa bado amesimama na alilalamika kwamba limekatizwa mapema. Baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo na hakuamka tena. Damu inayovuja polepole ndani ya fuvu inaweza kumwachia mtu muda wa kuzungumza, kucheka na hata kudai yuko sawa, huku ikiendelea kuukandamiza ubongo.

Kwa sababu hiyo, kijana aliyegongwa kichwani na kuonekana amepotea kidogo, anayeuliza swali moja mara mbili, anayeyumba au kuona vitu viwili viwili, asirudi kwenye mazoezi siku hiyo. Hata kama anasisitiza. Hasa akisisitiza. Asiachwe alale peke yake usiku wa kwanza, asinywe pombe, wala asipelekwe nyumbani nyuma ya boda boda. Kwa maumivu anaweza kupewa paracetamol, lakini si aspirini wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuzidisha uvujaji wa damu.

Akitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipatwa na degedege, akiwa mgumu kuamshwa, au maji maangavu yakitoka puani au sikioni, usingojee asubuhi. Mpeleke moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH, au hospitali kubwa iliyo karibu nawe, na umweleze daktari saa aliyogongwa na yale uliyoyaona.

Baada ya hapo apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli zake polepole: kutembea, kusoma, kukimbia taratibu, mazoezi bila kugusana. Hatua yoyote ikirudisha maumivu ya kichwa au kizunguzungu, arudi hatua moja nyuma. Katika ngumi za ridhaa, aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hupigwa marufuku kupigana kwa siku zisizopungua 30, na akiangushwa mara mbili katika miezi mitatu hupumzishwa siku 90. Sioni kwa nini darasa la kungfu la mtaani liwe na huruma ndogo kuliko hiyo. Kwa mwanafunzi wa shule, daktari ndiye aamue.

Watu huuliza kuhusu kofia za kujikinga. Kofia huzuia mikato na michubuko, lakini ubongo bado hutikisika ndani yake. Wakuu wa ngumi za ridhaa waliziondoa kwa wanaume wazima mwaka 2013, wakidai kwamba zilimfanya bondia apokee mapigo mengi zaidi bila woga. Madaktari wanaendelea kubishana kuhusu uamuzi huo. Jambo wasilobishania ni kwamba kupungua kwa idadi ya mapigo ndiko kinga bora. Siku nyingi za mazoezi ziwe za kugusana kidogo tu, na siku za nguvu ziwe chache.

Sasa turudi kwenye magodoro. Vikundi vingi katika miji yetu hukodi kumbi za jamii, za kanisa au madarasa ya shule, na sakafu huwa ni simiti. Kubwagana juu ya simiti ni hatari kuliko ngumi yoyote, kwa kuwa kichwa hushuka na uzito wa mwili mzima na kugonga kitu kisichobonyea. Kikundi kisicho na mikeka minene kisifundishe kuangushana, basi. Na hata palipo na mikeka, somo la kwanza liwe jinsi ya kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umejikunja, mkono ukipiga mkeka.

Hali ya hewa nayo ina neno. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki hupita mita 1,900. Mwenyeji ameshazoea, lakini mpiganaji anayetoka Mombasa huishiwa pumzi mapema, na mtu aliyechoka huangusha mikono na kupigwa kichwani. Mwezi Julai, ukungu unapokaa hadi adhuhuri, misuli huwa baridi, kwa hivyo dakika 15 au 20 za kupasha mwili joto kabla ya teke la kwanza si anasa. Na yule anayekimbia akiwa amevaa mifuko ya nailoni ili apunguze uzani kabla ya pambano, huyo anapoteza maji tu, na kuingia ulingoni mwili ukiwa mkavu kunamdhoofisha na kumweka hatarini zaidi.

Usidhani kwamba mitindo iliyoshindwa ulingoni haina kazi. Taichi ile ile iliyoanguka Chengdu kwa sekunde chache imechunguzwa kwa makini na watafiti wa afya ya wazee. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba hupunguza idadi ya wazee wanaoanguka kwa takriban asilimia 20. Mzee wa Othaya au Tetu anayeteremka mteremko wa udongo mwekundu baada ya mvua ana adui mmoja mkubwa, nao ni utelezi, na nyonga ikivunjika umri huo wengine hawatembei tena. Kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yakiwa yamelegea, ndiyo hasa kinga anayohitaji, na haihitaji sare.

Kwa kijana anayetaka kupigana, nenda naye mkatazame darasa kabla ya kulipa. Uliza kama kikundi kimesajiliwa kwa Msajili wa Michezo, kama Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavyotaka. Angalia kama wanafunzi hujaribiana na wenzao wanaokataa, au hupiga hewa tu mwaka mzima. Angalia kama wana vilinda meno na mikeka. Kisha mwulize mwalimu ni nani aliyegongwa kichwa mara ya mwisho hapo, na alikaa nje siku ngapi. Akikwambia kwamba katika kikundi chake hakuna anayegongwa, uliza iwapo wanajaribiana kweli. Akikwambia kwamba aligongwa Jumanne na Alhamisi akarudi, shika mkono wa kijana wako mwende mkatafute kwingine.